Mangwe na Saa za Serikali
Anayetaka kuandika tarikhi ya kilabu cha pombe katika kijiji kama Mkongani, huko Kwale, asitafute kibao mlangoni wala daftari la wenye nyumba waliopokezana, kwa kuwa mangwe, kile kibanda cha makuti chenye viti vya magogo, aghalabu humfuata mgema, na mwenye kilabu ndiye huyo apandaye mnazi alfajiri na jioni, kotama kiunoni, akaikata ncha ya karara na kuteremsha kibuyu kilichojaa povu. Wadigo wengi, Wamijikenda wa huko, ni Waislamu na tembo, pombe hiyo ya mnazi, kwao ni haramu, walakini tembo hilo hilo limeandamana na posa za Wamijikenda na sadaka za koma, yaani mizimu ya wahenga, tangu zama za kale, jambo ambalo mashekhe wamelikemea sana bila ya kulimaliza. Mkoloni naye aliliingilia tembo kwa leseni. Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya Kenya ya mwaka 2010, iliyoamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, nayo, kwa rai yangu, ilitungwa na watu waliozoea chupa, maana tembo lililogemwa alfajiri, likingojeshwa hadi saa hiyo, huwa limekwisha kuchacha na kuelekea kwenye siki.