Profaili zinazohama: faida ipo, hesabu ifanywe mapema

Wenye maduka na ofisi ndogo wanaonunua seva ya Windows huahidiwa jambo moja la kuvutia: mfanyakazi ataketi kwenye kompyuta yoyote, ataandika jina lake na neno la siri, na mipangilio na faili zake zitamfuata. Ahadi hiyo ni ya kweli. Microsoft imekuwa nayo tangu enzi za Windows NT miaka ya 1990. Kisichoelezwa ni gharama yake, ambayo haimo kwenye ankara bali hulipwa kila asubuhi.

Profaili ya namna hiyo ni folda inayokaa kwenye seva. Mtumiaji anapoingia, hunakiliwa kwenye kompyuta aliyoketi. Anapotoka, mabadiliko hurudishwa. Mhasibu aliyerundika gigabaiti 1 ya picha na nyaraka kwenye deskitopu yake atazisubiri zote akihamia mashine ambayo hajawahi kuitumia. Wafanyakazi 20 kama yeye wakibadilishana mashine na kuingia pamoja saa 2 asubuhi, ni gigabaiti 20. Waya wa seva wa megabiti 100 kwa sekunde hauwezi kuzimaliza chini ya dakika 26. Wakati huo mteja amesimama kaunta na fedha mkononi.

Dawa ipo tangu Windows 2000. Folda za nyaraka na deskitopu huelekezwa zibaki kwenye seva na kusomwa huko huko, na profaili inayosafiri hubaki nyepesi. Fundi asiyelitaja hilo kabla ya kupokea malipo ya awali anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Hatari nyingine iko kwenye mashine za mitumba. Windows 7 na Windows 10 hazitumii profaili moja. Kila toleo hujitengenezea yake kwenye seva. Anayechanganya matoleo hayo ili kuokoa mtaji atasikia malalamiko kuwa mipangilio imepotea, kumbe imebaki kwenye folda ya pili. Vilevile, mtu mmoja akiingia kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, mipangilio ya ile atakayotoka mwisho hufuta ya mwenzake.

Je, kila mwenye seva anahitaji huduma hii? La. Ofisi ambayo kila mtu ana meza yake itatosheka na kuelekeza folda tu. Wanaofaidika hasa ni wenye kazi za zamu, ambako watu watatu hupokezana kaunta moja kwa siku.

Wapo pia wanaodhani kuwa profaili ikiwa kwenye seva basi nakala ya akiba imepatikana. Sivyo. Faili iliyofutwa mezani hufutika na kwenye seva, na diski ya seva ikifa, wafanyakazi wote hupoteza kwa siku moja. Bei ya diski ya pili, inayohifadhiwa nje ya jengo, iwekwe kwenye bajeti ya seva tangu siku ya kwanza.