Intarapti za uongo: tusizizime, tuzihesabu

Wale wa sheria na biashara mnivumilie kidogo, mwisho wake unawahusu.

Mwaka jana nilikuwa maabara hapa Joburg nikijaribu kidhibiti cha pampu ya maji, kazi ya thesis ambayo nia yangu ni kuipeleka nyumbani. Kila rilei ilipozima mota, maikrokontrola ilipata intarapti, yaani ishara ya kuiambia "acha kila kitu, sikiliza", kwamba tangi limekauka. Tangi lenyewe limejaa pomoni! Mwenzangu akanishauri: "Bwana, zima hiyo intarapti, demo ni Ijumaa." Nikaizima. Demo ikapita, nikapigiwa makofi.

Wiki iliyofuata tangi likakauka kweli. Ishara ikaja, hakuna wa kuisikiliza. Pampu ikazunguka kavu mpaka maabara ikanuka kuungua.

Ndiyo maana nasema intarapti ya uongo haizimwi, inachunguzwa. Kumbe kosa lilikuwa waya wa mita 6 usio na rezista ya kuushikilia. Ukawa antena ya kudaka kelele za rilei. Dawa yake ni rezista ya kilo-omu 4.7, kapasita ndogo kwenye pini, na diodi kwenye koili ya rilei. Kwenye programu, intarapti ikija washa taima ya milisekunde 10, kisha soma pini tena. Ikiwa imesharudi ilivyokuwa, ongeza kaunta moja uendelee na kazi. Kaunta ikipanda, ujue kuna waya unalalamika.

Na vekta usizotumia usiziache tupu. Kwenye AVR, ukitumia GCC, intarapti isiyo na mpokeaji inarudisha programu mwanzo kimyakimya, nawe unabaki kulaumu umeme. Hata Linux kwenye PC huzihesabu: fungua /proc/interrupts, tazama mstari wa SPU.

Wapo watakaosema eti hii ni project tu ya shule. Jamani, nyumbani laini moja inalisha mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na friji ya chanjo ya zahanati. Kelele huko si za kubahatisha, ni za kila siku.

Na kwenye mikutano yetu, yule anayelalamika kila mara tunamwita mkorofi, tunamnyamazisha. Pengine mara tisa anakosea. Ya kumi je? Mdharau mwiba, mguu huota tende.