Mshahara wa Askari na Nyumba Yake

Mara nyingi katika ukurasa huu twasema juu ya feza za mwalimu, za karani na za mfanyakazi wa machimbo. Leo zamu ni ya askari. Wala si askari peke yake, bali askari pamoja na mke wake, watoto wake, na wazee kijijini wanaongojea mwisho wa mwezi. Kwa maana mshahara wa askari haufanani na mishahara mingine. Mwalimu hupokea feza zake na jioni ileile yumo nyumbani. Askari huitwa usiku, hupanda gari, naye mke hubaki kambini pamoja na watoto na deni la duka. Pengine baba atarudi baada ya majuma mawili, pengine baada ya miaka miwili, pengine hatarudi.

Wenye umri wakumbuka mambo ya Kinshasa ya mwezi wa Januari 1993. Rais Mobutu alikuwa ametoa noti mpya ya zaïre milioni tano. Waziri Mkuu, Bwana Étienne Tshisekedi, akatangaza kwamba noti hiyo si feza halali. Askari wakalipwa mshahara wao kwa noti ile, na wenye maduka wakaikataa. Basi mtu mwenye mamilioni mfukoni hakuweza kununua kilo moja ya unga. Yaliyofuata yajulikana: bunduki, unyang'anyi, watu wengi kuuawa, na Balozi wa Ufaransa, Bwana Philippe Bernard, akapigwa risasi akafa tarehe 28. Unyang'anyi hatuutetei hata kidogo. Lakini tufikiri kidogo juu ya mama wa kambini siku zile: duka lililovunjwa na askari ndilo lililokuwa likimpa chumvi kwa deni, na baada ya siku hizo hakuna tena aliyetaka kumkopesha.

Kwa miaka mingi tena, feza za askari zilipita mikononi mwa wakubwa wake. Kila mkono ulibakiza kitu. Majina ya waliokufa, hata ya watu wasiokuwako kamwe, yalikaa katika orodha, na mishahara yao ikaliwa. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe ulioitwa EUSEC kusaidia kutenga njia ya malipo na njia ya amri, ili yule anayemwamuru askari asiwe tena yule anayemhesabia feza. Askari walihesabiwa, alama za vidole zikachukuliwa, kadi zikatolewa. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake na askari wake kwa njia ya banki. Na mwezi wa Machi 2025 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba mshahara wa askari na wa polisi utaongezwa maradufu.

Hayo yote ni mema. Lakini angalieni jambo moja ambalo wenye kusifu banki hawalitaji. Zamani, siku ya malipo, mke aliweza kusimama karibu na meza ya mlipaji na kumngojea mumewe. Sasa feza huingia katika konti ya mume, kadi imo katika mfuko wa mume, na mume yuko mbali kilometa mia tano. Mshahara umefika, na nyumbani hakuna wa kuugusa. Kwa hiyo mazungumzo ya mume na mke juu ya feza yapasa kufanyika kabla ya gari kuja, si baadaye. Ni sehemu gani itakayobaki nyumbani? Itafika kwa njia gani, na siku gani ya mwezi? Mume aweza kwenda banki pamoja na mke wake na kutia sahihi maandiko yanayompa mke ruhusa ya kutoa feza. Wengine hutuma kwa simu. Njia hiyo ni nzuri mahali penye mtandao, lakini yategemea kumbukumbu ya mtu aliye vitani, naye ana mengine ya kukumbuka. Katika jeshi la Marekani, askari aweza kuagiza ofisi ya malipo ikate sehemu ya mshahara wake kila mwezi na kuipeleka moja kwa moja katika konti ya jamaa yake. Hakumbuki mtu, hukumbuka karatasi. Twaona hiyo ni akili.

Baba mwingine atasema: «Feza ni zangu, mke ataniomba.» Zamani sheria ilimpa nguvu mtu wa namna hiyo. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha mwaka 1987 kilimtaka mke awe na ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano yo yote mbele ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imeondoa ruhusa hiyo. Sasa yataka mume na mke wapatane wote wawili. Mke wa askari aweza basi kufungua konti yake mwenyewe, na kwa shauri letu afungue. Wala tusifichane: kuna askari anayefika katika kituo kipya na kuanza huko nyumba nyingine, ile ambayo watu huiita ofisi ya pili. Mshahara mmoja haulishi nyumba mbili. Ile ya kwanza huanza kufa njaa mwezi wa pili, hata bila barua.

Sasa deni. Hili ndilo lenye kuua kambi zetu. Mkopeshaji anayejulikana Kinshasa kwa jina la «Banque Lambert» hana ofisi wala maandiko mengi; hutoa feza leo, na mwisho wa mwezi hudai robo juu yake, pengine nusu. Yeye humpenda askari, kwa sababu mshahara wa askari una tarehe. Hata Marekani wakopeshaji walijenga vibanda vyao karibu na milango ya kambi, na madeni yakawalemea askari hata serikali ikaingilia. Sheria ya mwaka 2006 yakataza kumtoza askari au jamaa yake zaidi ya 36 kwa mia kwa mwaka. Chukueni kalamu mhesabu. Juu ya franka 40.000, faida ya mwezi mmoja kwa sheria ile haipiti franka 1.200. Kwa mkopeshaji wetu ni 10.000, hata 20.000. Na askari anayeweka rehani kadi ya banki pamoja na namba yake ya siri, huyo amemwajiri mkopeshaji kuwa bwana wa nyumba yake.

Akina mama wana dawa yao, nayo ni likelemba. Lakini likelemba ya kambini ina hatari yake, kwa sababu kikosi huhamishwa. Mama aliyekubali zamu ya mwisho aweza kuondoka kabla ya kupokea. Na yule aliyepokea zamu ya kwanza, akihama, deni la wenzake lamfuata. Afadhali kikundi kiwe cha watu wachache, zamu ziwe fupi, na nusu ya wanamemba wawe wakaaji wa mtaa wasiohama.

Wala akiba yote isikae mahali pamoja. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, banki zilifunga milango. Mwenye feza banki alibaki na kadi tu. Sehemu iwe banki, sehemu katika likelemba, na sehemu iwe kitu chenye kuzaa: cherehani, mbuzi kwa bibi kijijini, mfuko wa maharagwe ulionunuliwa wakati wa mavuno.

Yabaki makaratasi. Mume akifa vitani, mjane hataulizwa kama alimpenda; ataulizwa cheti. Ndoa iliyofungwa kwa desturi yapasa kuandikishwa katika ofisi ya serikali, na cheti cha parokia peke yake hakitoshi huko. Mtoto aandikishwe kabla ya siku 90 kupita tangu kuzaliwa kwake. Vyeti hivyo vipigwe nakala mbili: moja ikae kwa wazazi wa mke, ya pili itiwe katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, pamoja na picha ya baba, na nyuma ya picha iandikwe namba yake ya jeshi, jina la kikosi chake, na jina la banki inayompokelea mshahara. Mfuko huo mama aulaze karibu na mlango, mahali ambapo mkono waupata hata gizani.