Usimtishe mtoto kwa sindano ya daktari

“Ukiendelea kulia, nitamwita daktari akuchome sindano.” Msomaji wangu, maneno haya si mageni kwako. Pengine uliambiwa ukiwa mdogo, pengine umeyatamka jana jioni mtoto alipokataa kumaliza uji. Mimi huyasikia karibu kila siku kwenye benchi la kusubiria, na mara nyingi mzazi huyasema huku akinitazama na kutabasamu, akitegemea nami nitakunja uso ili mtoto aamini.

Wiki hii naomba niikatae kazi hiyo hadharani.

Miezi michache iliyopita alikuja kwangu baba mmoja mwenye kisukari. Kidole cha mguu kilikuwa kimeshaoza. Vidonge vilikuwa vimeacha kumtosha muda mrefu, ameshashauriwa kuanza insulini, naye akawa anaikwepa kliniki. Nilidhani tatizo ni fedha, au amesikia ule uvumi kwamba ukianza insulini siku zako zimekwisha. Alipoona ninazidi kuuliza, akainama akasema kwa sauti ndogo: “Dokta, mimi naogopa sindano.” Mtu mzima, ana wajukuu. Hofu hiyo ilimgharimu kidole.

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari tulifundishwa saikolojia, na nakiri niliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Nilikariri kwamba Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, kwamba Freud alisema hivi, Pavlov akasema vile, Skinner akawapinga wote. Nikafaulu, daftari likaenda juu ya kabati. Ilinichukua miaka ya wodini kuona kwamba ubishi wa wale wazee unahusu jambo lililokaa mbele yangu kila asubuhi: hofu humwingiaje mtu, na hutokaje?

Nitakueleza kwa watoto watatu.

Wa kwanza ni Hans, mtoto wa miaka mitano wa mjini Vienna, ambaye habari zake Freud alizichapisha mwaka 1909. Hans aliogopa farasi kiasi cha kukataa kutoka nje, na enzi hizo farasi walijaa barabarani. Freud alimwona mtoto huyo mara moja tu katika matibabu yake. Mengine yote aliletewa na baba mtu. Akahitimisha kwamba farasi ni kisingizio, anayeogopwa hasa ni baba, na hofu hiyo imejificha mahali ambapo hata Hans mwenyewe haioni. Lakini katika maelezo hayohayo imo habari kwamba Hans alishuhudia farasi aliyekokota gari la abiria akianguka barabarani. Mimi ningeanzia hapo. Hata hivyo simbezi Freud, kwa sababu yeye na wafuasi wake walitufundisha kwamba jambo la utotoni linaweza kumtawala mtu hadi uzeeni, na kwamba mgonjwa akiachwa aongee, kuongea kwenyewe ni sehemu ya tiba. Yule baba wa kisukari nisingemjua kama ningemkatiza.

Mtoto wa pili ni Albert, wa Baltimore, Marekani. Kabla yake lazima nimtaje Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wa usagaji wa chakula. Katika kazi hiyo mbwa wake walianza kutokwa na mate kabla ya kuona chakula. Kishindo cha miguu ya mlishaji kilitosha. Jambo lisilo na maana lolote, likitangulia mara kwa mara jambo lenye maana, mwili hulipokea kama lenyewe.

John Watson, kiongozi wa mkondo wa saikolojia uliotaka kuchunguza tabia inayoonekana tu, aliamua kulijaribu hilo kwa hofu ya binadamu. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walichapisha majaribio yao kwa Albert. Akiwa na miezi tisa alionyeshwa panya mweupe, sungura na mbwa, hakuogopa hata mmoja. Alipofikisha miezi 11, kila alipotaka kumshika panya walipiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya kurudia mara saba, walimletea panya bila kelele yoyote. Albert alilia, akageuka, akatambaa kukimbia. Hofu ikaenea hadi kwa sungura, mbwa, hata koti la manyoya. Wahenga wetu hawakuhitaji maabara kuyajua hayo: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jaribio lile, na kinachonikera zaidi ni kwamba Albert aliondoka hospitalini bila hofu ile kuondolewa. Lakini nikiwa nimekasirika hivyo, najiuliza: sisi majumbani tunafanya nini? Mtoto wetu hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na 18. Maumivu hayo yana kazi na hayaepukiki. Tatizo ni kwamba katikati ya tarehe hizo, kila anapokosea, tunampigia nyundo ile kwa mdomo. Daktari, koti jeupe, harufu ya dawa ya kuua vijidudu, vyote vinakuwa adhabu. Kisha siku anaumwa kweli tunashangaa kwa nini anasema tumbo limepona ghafla.

Na hapa ndipo B. F. Skinner anapoingia. Yeye aliangalia kinachofuata baada ya tendo. Mtu anayeogopa sindano akighairi kwenda kliniki, pale pale anapata nafuu moyoni. Nafuu hiyo ni zawadi, na tendo lenye zawadi hurudiwa. Baba yule kila alipokata kona kurudi nyumbani alijisikia vizuri, na sukari ikazidi kupanda. Ndiyo maana kumfokea mgonjwa wa namna hii, kama tulivyozoea sisi wahudumu wa afya, hakusaidii. Unamwongezea sababu nyingine ya kutokuja.

Mtoto wa tatu ndiye ninayempenda. Anaitwa Peter, alikuwa na miaka miwili na miezi kumi, na alimwogopa sana sungura. Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa New York, alichapisha habari zake mwaka 1924. Hakumlazimisha Peter amshike mnyama, wala hakumwambia “acha ujinga”. Sungura aliwekwa mbali ndani ya tundu, siku nyingine akasogezwa kidogo, huku watoto wengine wasiomwogopa wakicheza karibu. Katikati ya safari Peter aliugua akalazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka hospitalini mbwa mkubwa aliwarukia yeye na muuguzi aliyempeleka. Wote wawili waliogopa sana, na hofu ya Peter ikarudi palepale. Jones akaanza upya: sungura anasogezwa wakati Peter anakula chakula anachokipenda. Mwishowe alimshika kwa mkono wake mwenyewe. Matabibu wa hofu duniani kote bado wanatumia njia hiyo ya hatua kwa hatua.

Zingatia wale watoto wenzake na yule muuguzi. Mtoto husoma uso wa aliye naye, iwe ni ujasiri au hofu. Mama anayefumba macho na kumkunjia uso nesi wakati wa chanjo ameshafundisha somo.

Basi kliniki ya chanjo ikifika, mnyonyeshe mtoto mchanga kabla na wakati wa kuchomwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015, kwa sababu hupunguza maumivu. Mtoto aliyekwisha kuketi akae wima mapajani pako, usimlaze na kumbana. Mkubwa kidogo mpe kitu cha kuvuta mawazo yake. Usimwambie haitauma, maana itauma, na kesho hatakuamini. Mwambie itauma kidogo kisha itaisha. Baada ya hapo msifu, na usimcheke akilia. Nawaomba wauguzi wenzangu nao wasimlazimishe mama kutoka nje.

Kuna watu wazima ambao wakiona sindano au damu huzimia. Hao wasichekwe. Hofu nyingine hupandisha presha, lakini hii, baada ya kuipandisha kidogo, huishusha ghafla. Ukiwa mmoja wao, mweleze nesi mapema, kaa au lala, kisha kaza misuli ya mapaja, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, legeza, rudia. Ule ushauri wa “jilegeze” ni mzuri kwa hofu nyingine, hapa unaweza kukuangusha.

Nisijifanye malaika. Binti yangu alipokuwa na miaka minne, bibi yake alikuwa akimtisha kwa mkoba wangu wa kazini, nami nikicheka. Mara moja mbili nilimtisha mwenyewe, nimechoka, nataka alale. Halafu siku moja nikarudi nyumbani nikiwa bado na koti langu jeupe na mtoto hakunikimbilia kama kawaida. Nilimkuta nyuma ya kochi. Ilinibidi nifanye kama Jones: koti likae kwenye kiti mbali, kisha karibu, kisha tukamvalisha mdoli wake. Ilichukua wiki kadhaa kuondoa nilichokiweka kwa dakika mbili.

Na yule baba? Jeraha lake lilihitaji insulini wakati uleule, hivyo tulimwomba mkewe awe anamchoma, yeye akiangalia pembeni. Mafunzo yake tuliyaendesha kando. Kliniki ya kwanza bomba la sindano lilikaa mezani tu tukiongea habari za shamba lake. Iliyofuata alilishika likiwa na kifuniko. Kisha akawa anachoma chungwa. Alipokuja mara ya mwisho aliniambia asubuhi ile amejichoma mwenyewe tumboni, mkewe akiwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza ilikuwaje. Akafikiri kidogo, akasema chungwa lilikuwa gumu zaidi.