KAMERA NA SIMU ZISHIRIKIANE

Wapo ndugu zetu wengi wanaojipatia riziki kwa kupiga picha katika miji na machimbo ya mikoa ya Shinyanga na Geita, kuanzia Kahama mpaka Katoro na Nyarugusu. Kazi yao ni ya siku nyingi, nayo ni kazi ya heshima. Harusi haiwi harusi bila wao, na mzee akifariki, picha inayowekwa juu ya jeneza mara nyingi ni ile waliyoipiga wao. Lakini tangu simu zenye kamera zienee kila mahali, wengi wao wamekuwa wakilalamika kwamba simu imewanyang'anya mkate wao. Leo twapenda kusema nao juu ya jambo hilo, kwa maana twaamini kwamba kinachowaumiza zaidi ni kuchelewa kuwafikishia watu picha zao, na dawa ya kuchelewa huko wanayo mfukoni, yaani simu hiyo hiyo wanayoilaumu.

Hebu tutazame hali ya machimboni. Mchimbaji mdogo si mtu wa kukaa mahali pamoja. Ikisikika kwamba dhahabu imeonekana katika pori fulani, rashi huanza usiku huo huo, na watu waliokuwa katika duara la jana kesho hawaonekani. Mpiga picha akimpiga picha kijana siku ya Jumamosi kando ya karasha, kisha akamwambia angoje mpaka kadi ipelekwe mjini kwenye kompyuta, na picha isafishwe na kurudishwa Jumatano, basi Jumatano hiyo mteja amekwishahama. Picha inabaki katika bahasha, na hasara ya nauli na ya karatasi inamwangukia mpiga picha peke yake. Naye mama wa kijana yule, aliyeko Maswa au Bariadi, hapati kuiona sura ya mwanawe.

Zamani kuchelewa huku kulikuwa hakuepukiki. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, na kwa miaka mingi filamu iliyopigwa katika mikoa hii ilibidi isafiri kwa treni au kwa basi kabla haijaonwa na msomaji wa gazeti Dar es Salaam. Kamera za dijitali zilipokuja ziliiondoa filamu, lakini hazikuiondoa safari, kwa kuwa picha bado ilifungwa ndani ya kadi ndogo ikingoja kompyuta. Ni safari hiyo iliyobaki ambayo sasa inaweza kuondolewa.

Kamera nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi hivi iliyopita zina waifai ndani yake. Kwa bahati mbaya, watu wengi wakilisikia neno hilo hudhani kwamba ni intaneti, wakaogopa gharama ya bando, au wakasema kwamba machimboni kwao hakuna mtandao. Hapo ndipo penye kosa. Kamera ya namna hiyo hugeuka kuwa kituo kidogo cha redio. Hutoa mawimbi yake yenyewe, yenye jina na neno la siri, na simu iliyo karibu hujiunga na mawimbi hayo. Picha hupita hewani kutoka kamera hadi simu bila kutumia hata senti moja ya bando, na hata kama mnara wa simu uko mbali. Bando huhitajika baadaye tu, wakati wa kumtumia mteja picha yake.

Yafaa tuyataje mambo yanayowakwaza wengi. Kwanza, programu ya kampuni iliyotengeneza kamera, kama vile Camera Connect ya Canon au SnapBridge ya Nikon, lazima iwekwe katika simu mapema, mahali penye mtandao, si porini siku ya kazi. Pili, simu ikishajiunga na kamera huonya kwamba mtandao huo hauna intaneti. Wengi hushtuka hapo wakakata, kumbe walitakiwa kukubali na kuendelea. Simu nyingine hurudi zenyewe kwenye bando, na dawa yake ni kuizima data kwa muda. Tatu, simu nyingi za Android haziioni kamera mpaka ruhusa ya kutambua mahali iwashwe. Nne, mawimbi hula betri, basi betri ya akiba ni ya lazima. Tano, video na picha nzito zisizokandamizwa huchukua muda mrefu kupita, hivyo ni heri kuchagua picha chache za kawaida za kumridhisha mteja papo hapo, na zilizobaki zikangoje kompyuta. Na yule mwenye kamera ya zamani isiyo na waifai asikate tamaa. Kipo kifaa kidogo cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye simu, nacho kitamfikisha pale pale.

Huenda mtu akauliza: kama simu ina kamera, kwa nini tuhangaike na vyombo viwili? Jibu letu ni kwamba kila chombo kina kazi yake. Katika ukumbi wa harusi wenye mwanga hafifu, katika vumbi la karasha, au mahali ambapo mtu anasimama mbali, lenzi ya kamera huona yale ambayo simu nyingi za bei nafuu haziyaoni. Simu nayo ina njia ya kuifikisha picha kwa mtu aliyeko mbali, njia ambayo kamera haina. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na watu wa Usukuma hawahitaji kufafanuliwa maana yake.

Lakini wepesi huu una wajibu wake, na hapa twasema kwa uzito. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, na mwenzao mmoja alifia humo. Nchi nzima ilistaajabu. Duara likiporomoka, mpiga picha huweza kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Picha ya kingo za shimo, ya magogo na ya kamba ni ushahidi utakaowasaidia wachunguzi kujua kilichotokea, hasa kwa kuwa programu hizi huweza kuipa kamera saa sahihi na mahali kutoka katika simu. Lakini picha ya maiti iliyorushwa kabla familia haijaambiwa ni ukatili. Hakuna mama anayestahili kuujua msiba wa mwanawe kwa kuuona katika simu ya jirani.

Hali kadhalika, mchimbaji aliyepata dhahabu hupenda kupigwa picha akiwa ameishika mkononi. Picha hiyo ikienea kabla hajaifikisha dhahabu yake kwenye soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, imewaelekeza wezi kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023. Hata hivyo, desturi yetu ilikwishatufundisha kabla ya sheria kwamba cha mtu hakitangazwi bila idhini yake. Mpiga picha na aulize kwanza, amtumie mwenyewe peke yake, alibadilishe neno la siri la kamera yake pale inapowezekana, na asimkabidhi mtu simu yenye picha za wateja.

Kwa upande wa viongozi, twatoa rai moja. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maofisa wa maendeleo ya jamii na wasikubali dhana kwamba kikundi ni cha kufuga kuku tu. Vijana watano wa Katoro wenye kamera moja nzuri, simu mbili na mashine ndogo ya kusafishia picha ni kikundi cha kazi kama kingine chochote. Nao waliokwishaijua kazi wasiufiche ujuzi. Somo la kuunganisha kamera na simu halizidi saa moja, na mwenye kulijua anaweza kumfundisha mwenzake chini ya mwembe.

Ndugu wapiga picha, aliyewapita si mwenye kamera bora kuliko yenu. Ni yule anayemfikishia mtu picha yake kabla hajaondoka. Fungueni kamera zenu leo, tafuteni alama ya waifai, mjaribu nyumbani kabla ya siku ya kazi. Kijana wa machimboni atakayehama kesho na aondoke na sura yake, na mama yake aipokee jioni hiyo hiyo.