Mwajiri Aseme Anataka Mavazi Gani

Tangazo la kuitwa kwenye usaili nchini Tanzania halina uchoyo wa maelekezo. Hutaja siku, saa na ukumbi. Humtaka msailiwa aje na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo, na yale ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hukumbusha pia kwamba kila mmoja atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Likija suala la nguo, mara nyingi tangazo huwa kimya, au husema tu kwamba mavazi yawe nadhifu. Basi kazi ya kushauri hubaki kwa mjomba aliyewahi kufanya kazi benki, kwa jirani, na kwa vijana wa mitandaoni wanaouza suti huku wakitoa ushauri. Naona kimya hicho kinaumiza watu bila sababu. Anayewaita watu kwenye usaili anapaswa kuandika waziwazi nguo anazozitarajia, na msailiwa akishatimiza hilo, nguo zisiongeze wala zisipunguze alama yake hata moja.

Tuanze na nguvu ya nguo zenyewe, maana wapo wasaili wanaoapa kwamba wao hutazama kichwa cha mtu, si koti lake. DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso zilizovikwa nguo za juu, nyingine zikionekana za mtu mwenye nafasi kidogo, nyingine za mtu wa kipato cha chini. Tofauti haikuwa ya kanzu ya harusi na matambara. Ilikuwa ndogo tu. Hata hivyo, katika majaribio yao mfululizo, yaliyochapishwa katika jarida la Nature Human Behaviour, sura ileile ilihesabiwa kuwa ya mtu hodari zaidi ilipovaa nguo za mwenye nafasi, hata ilipoonekana kwa muda wa kama sehemu ya nane ya sekunde. Washiriki walipewa taarifa za kazi na kipato cha wale watu, na upendeleo ukabaki. Waliagizwa wasizijali nguo kabisa, na bado ukabaki. Mwaka 2009, Murray Barrick na wenzake wawili walikusanya tafiti nyingi za usaili wakakuta kwamba mwonekano wa mtu unahusiana na alama za usaili zaidi kuliko unavyohusiana na utendaji wake akishaajiriwa, na kwamba athari hiyo hupungua pale maswali yanapopangwa mapema na kila mtu kuulizwa yaleyale. Kwa maneno mengine, msaili anayejiamini kuwa hadanganyiki na koti ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu hatachukua tahadhari yoyote.

Kinachopimwa na nguo, basi, kwa kiasi kikubwa ni uwezo wa mfuko, na hapo tunagusa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kadhaa, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Mwishoni mwa orodha ya misingi hiyo, baada ya rangi, kabila, dini, jinsi, ulemavu na umri, ipo hali ya maisha. Katiba nayo, ibara ya 13, imeitaja hali ya maisha inapoeleza maana ya kubagua. Sidai kwamba kila aliyenyimwa kazi akiwa amevaa shati lililopauka anaweza kufungua shauri akashinda. Ninachosema ni kwamba utaratibu unaompa alama mwenye suti, bila kazi yenyewe kuhitaji suti, unafanya kwa mlango wa nyuma jambo ambalo sheria imelifungia mlango wa mbele.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza: mitumba ipo. Nenda Karume au Manzese, au Gikomba kama uko Nairobi, utapata koti zuri kwa bei ya chini sana kuliko dukani, na fundi cherehani atalipunguza likukae. Ni kweli, na mitumba imewatoa wengi. Lakini belo likifunguliwa halikuulizi saizi yako. Mwenye mwili mkubwa, au mguu mrefu, huzunguka siku nzima akarudi na nauli tu iliyoisha. Bado kuna shati, tai, moka au viatu vya kamba, pasi, na usafiri ambao hautakufikisha umelowa jasho. Kigali njia hiyo ni nyembamba zaidi, kwa kuwa mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50. Isitoshe, tukumbuke ni wangapi wanaoitwa. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, zaidi ya watu 10,000 walifanyiwa usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Kila aliyekosa aligharamia siku ile kutoka mfukoni mwake, na hao ndio walikuwa karibu wote. Kama suti haihitajiki katika kazi, kumfanya mtu asiye na kipato aikope au aiazime ni kumtoza ada ya kuomba kazi ambayo hakuna anayethubutu kuiandika kwenye tangazo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Waajiri husema kuchagua nguo inayofaa ni sehemu ya mtihani: mtu asiyejua avae nini mbele ya jopo atajuaje avae nini mbele ya mteja? Hoja hii ingesimama kama vazi rasmi lingekuwa jambo linalojulikana kwa akili ya kawaida. Halijulikani hivyo. Hata kwa watu wenye madaraka jambo hilo halijatulia. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kiasili bungeni, akitaka koti, kola na tai, wakati Rais William Ruto alikuwa akionekana hadharani na suti hizohizo za Kaunda. Zaire ya Mobutu ilikwenda upande wa pili kabisa: kuanzia miaka ya 1970 ofisa aliyetaka kuonekana mzalendo alivaa koti liitwalo abakosti, bila tai, na tai ikaruhusiwa tena mwaka 1990. Muscat, mtumishi wa serikali wa Kiomani huenda kazini na kanzu na kilemba, na hilo ndilo vazi rasmi. Mtu akivaa kanzu na koti Unguja ameheshimu shughuli, lakini akiingia hivyohivyo kwenye usaili wa kampuni ya simu Masaki, sijui nani atamhakikishia kwamba jopo limemwelewa. Ukanda huu umerithi kanuni za mavazi kutoka kwa wakoloni, vyama, dini na hali ya hewa, zote kwa pamoja. Anayeshinda mtihani huo wa kubahatisha si mwenye busara zaidi. Ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu anayefanya kazi ofisini. Kama mwajiri anataka kujua iwapo mtu anaweza kufuata kanuni za mavazi, ampe kanuni kwanza kisha atazame kama ameifuata. Hapo atakuwa amepima kitu.

Wapo watakaonigeukia kutoka upande mwingine, hasa wanawake, na nadhani hawa ndio wenye hofu ya haki. Watasema kanuni zikiandikwa zitakuwa rungu. Juni 1, 2021, mbunge Condester Sichwale alitolewa bungeni Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa, na wabunge wanawake wakataka aombwe radhi. Bunge lina kanuni za mavazi zilizoandikwa, na hazikuzuia mzozo. Ukitazama vizuri, hata hivyo, mzozo kama huo huzaliwa pale kanuni inapoishia kwenye jicho la mtazamaji, kwa sababu kubana na kusitiri hupimwa kwa macho na kila mtu ana yake. Dawa yake ni kuandika kwa majina ya vitu: suruali ya kitambaa inaruhusiwa kwa wote, sketi ifike magotini, hijabu inaruhusiwa, jinzi na kandambili haziruhusiwi, tai si lazima. Kanuni ya namna hiyo inambana msaili kuliko inavyombana msailiwa, kwa kuwa haimwachii nafasi ya kumkataa mtu kwa kisingizio cha mwonekano. Na Serikali haiwezi kusema hili ni jambo geni. Waraka wa mwaka 2007 uliweka masharti ya mavazi kwa watumishi wa umma, na michoro ya nguo zisizoruhusiwa hubandikwa kwenye milango ya ofisi zake. Mgeni anayefuata barua huonyeshwa picha; anayekuja kuomba kazi hubaki kukisia.

Zipo kazi ambazo mwonekano ni sehemu ya kazi yenyewe. Mhudumu wa mapokezi hotelini na ofisa mauzo wa benki watatazamwa na wateja, na mwajiri ana haki ya kulijali hilo. Lakini wengi wa hao watapewa sare au watajulishwa rangi za kampuni wakishaanza, kwa hiyo usaili unahitaji kuona usafi na nidhamu, si bei ya kitambaa. Fundi umeme, mtaalamu wa maabara au mwandishi wa programu hana hata sababu hiyo, na kumdai tai katika joto la Dar es Salaam la Februari ni mazoea tu, tena mazoea ya nchi za baridi. Fomu za alama zenye kipengele cha mwonekano zifutiwe kipengele hicho, au kibaki cha ndiyo na hapana: amefuata maelekezo, hakufuata.

Mpaka waajiri watakapoamka, mtafuta kazi asikae akisubiri haki. Namba ya simu kwenye tangazo ipo kwa ajili ya maswali, na hili ni swali halali: wafanyakazi wa idara hiyo huvaaje siku za kawaida? Vaa kama wao, nguo iwe safi na imepigwa pasi, viatu vifungwe na vifutwe vumbi, na fedha ya suti usiyoihitaji ibaki kwa nauli ya usaili unaofuata. Nanyi maofisa rasilimali watu, sentensi moja inatosha. Iandikeni kwenye tangazo lijalo, chini ya ile inayosema msailiwa atajigharamia.