Kususia si kumziba mtu mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ugomvi wa matajiri wenye mitandao na makampuni yanayotangaza biashara humo.

Oktoba 2022 Elon Musk alinunua mtandao wa Twitter kwa dola bilioni 44, baadaye akauita X. Alisema anataka kila mtu aseme kwa uhuru. Novemba 2023 makampuni kama IBM, Apple na Disney yalisimamisha matangazo yao, baada ya Musk kuunga mkono maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Agosti 2024 mtandao wake ulifungua kesi Texas, ukidai watangazaji wamekula njama ya kuususia. Yaani tajiri akisema ni uhuru, mteja akiondoka ni njama!

Mimi nasema kususia nako ni kusema. Tarehe 26 Juni, 1959, Mwalimu Nyerere alizungumza London katika mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Makaburu walikuwa na bunduki na viwanda. Mnunuzi wa kawaida alikuwa na uwezo wa kukataa tu. Hata reli ya TAZARA inayopita hapa Tunduma ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za walowezi wa kusini.

Lakini lazima tupambanue mambo. Sokoni Tunduma kila mfanyabiashara ana haki ya kutonunua mahindi ya mtu asiyempenda. Wanunuzi wakubwa wakipatana kwa siri kumwangushia mkulima bei, hayo si maoni, ni unyonyaji. Kupatana peke yake si kosa. Waliosusia bidhaa za Makaburu walipatana pia, tena hadharani, na hawakutafuta faida. Basi tuulize: wamepatana kwa ajili ya nini, na nani anaumia?

Fedha ya umma ni jambo jingine kabisa. Februari 2017 Serikali ya Kenya iliagiza wizara na idara zake ziache kutangaza katika magazeti ya binafsi, zitumie MyGov, gazeti la Serikali. Kampuni hutangaza kwa fedha yake. Serikali hutangaza kwa kodi ya anayeipenda na asiyeipenda. Kodi hiyo ikitumika kulipa gazeti linalosifu na kulinyima linalokosoa, mwananchi anazibwa masikio kwa fedha yake mwenyewe.

Nayasema haya katika gazeti la Serikali kwa makusudi, kwani hapa nchini pia taasisi za umma ni watangazaji wakubwa. Naomba utaratibu wa kugawa matangazo hayo uwe wazi, kila mwananchi ajue kwa nini gazeti hili limepata na lile limekosa. Tajiri tumwache ashindane na wateja wake. Sisi tulinde kilicho chetu.

Msomaji wako,
Tunduma, Songwe.